Kiporo si makombo: Wanafunzi na wazazi wanavyookoa chakula cha shule

Kuelekea mwisho wa mwaka wa masomo wa 2018/2019, watoto 20 wa Shule ya Msingi Woodland, katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana nchini Marekani, walikuwa wakirudi nyumbani kila Ijumaa na mabegi yenye milo minane iliyogandishwa. Chakula hicho hakikununuliwa dukani, wala hakikupikwa kwa ajili yao. Kilipikwa katika majiko ya shule za wilaya hiyo kwa ajili ya mlo wa mchana, kikabaki ndani ya vyombo bila kupakuliwa. Shirika la hisani liitwalo Cultivate, kutoka mji jirani wa South Bend, lilikichukua, likakifunga mlo mmoja mmoja, likakigandisha na kukirudisha shuleni. Kabla ya hapo chakula cha namna hiyo kilikuwa kikiishia kwenye pipa la taka.

Idadi ni ndogo mno, watoto ishirini tu, na mpango wenyewe ulikuwa wa majaribio. Hata hivyo habari yake ilienea nchi nzima, na sababu yake si vigumu kuiona. Watoto hao walikuwa wakipata kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, lakini Jumamosi na Jumapili nyumbani kwao hapakuwa na uhakika wa kitu. Wakati huo huo, katika jengo lile lile walimosomea, mabeseni ya chakula kizuri yalikuwa yakimwagwa.

Msomaji anaweza kushangaa kusikia habari ya njaa ya watoto Marekani. Ukweli ni kwamba nchi hiyo ina mpango wa kitaifa wa chakula cha mchana shuleni tangu mwaka 1946, uliotiwa saini na Rais Harry Truman, na leo mpango huo hulisha takriban watoto milioni 30 kila siku ya masomo. Mtoto ambaye kipato cha familia yake hakizidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini hula bure. Aliye kati ya asilimia 130 na 185 hulipa bei iliyopunguzwa, isiyozidi senti 40 kwa chakula cha mchana. Wingi wa wanaokula kwa utaratibu huo ni ushahidi kwamba utajiri wa nchi haumfikii kila mtu mezani.

Na katika wingi huo huo ndimo upotevu unamozaliwa.

Mizani mikononi mwa wanafunzi

Mwaka 2019 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, WWF, lilitoa ripoti ya kazi iliyofanywa na wanafunzi wenyewe katika shule 46 za miji tisa ya Marekani. Baada ya kula, wanafunzi walitenganisha mabaki: maziwa katika ndoo yake, matunda na mboga katika nyingine, vyakula vingine katika ya tatu, kisha wakapima na kuandika. Hesabu yao ilionyesha kwamba kila mwanafunzi hutupa kiasi cha kilo 18 za chakula kwa mwaka, mbali na pakiti zaidi ya 28 za maziwa. Ikiwa shule nyingine za nchi hiyo zinafanana na hizo, ripoti ilikadiria, basi mabwalo ya shule za Marekani hutupa zaidi ya tani 500,000 kila mwaka, na gharama yake inaweza kufikia dola bilioni 1.7.

Kilichonivutia zaidi katika ripoti ile si tarakimu hizo kubwa. Ni kwamba upotevu ulianza kupungua kwa sababu tu watoto walikuwa wakipima. Kwa wastani wa shule zote upungufu ulikuwa mdogo, asilimia 3 tu, lakini katika shule za msingi ulifikia kama asilimia 14. Hakuna aliyeadhibiwa na hakuna aliyepewa zawadi. Mtoto wa miaka tisa aliyeinua ndoo ya maziwa kwa mikono yake na kuona sindano ya mizani ikipanda alipata somo ambalo hotuba zetu ndefu huwa hazilifikishi. Wazazi tunapenda sana kuhutubu.

Kwa nini chakula hubaki

Ni rahisi kusema kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu na neema. Huenda wapo wa namna hiyo, lakini uchunguzi umeonyesha sababu zilizo karibu zaidi na watu wazima kuliko na watoto.

Ya kwanza ni muda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliowafuatilia wanafunzi wa shule za wilaya moja ya mji huko Massachusetts walichapisha matokeo yao mwaka 2015: wanafunzi waliopata chini ya dakika 20 za kukaa na kula walikula asilimia 13 pungufu ya chakula kikuu, asilimia 12 pungufu ya mboga, na walikunywa asilimia 10 pungufu ya maziwa, wakilinganishwa na wenzao waliopata angalau dakika 25. Mtoto aliyesimama foleni robo saa hawezi kumaliza sahani yake, na mboga ndiyo kitu cha kwanza kuachwa.

Ya pili ni mpangilio wa mapumziko. Mchezo ukitangulia kwa ahadi, yaani mtoto akijua kwamba akimaliza kula anaruhusiwa kwenda uwanjani, atameza matonge mawili na kukimbia. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliofanyika katika shule za msingi za jimbo la Utah, ulionyesha kwamba shule zilizohamisha mapumziko yakawa kabla ya chakula ziliona ulaji wa matunda na mboga ukiongezeka kwa asilimia 54. Watoto walikwenda kucheza, wakarudi na njaa, wakakaa wakala. Badiliko hilo halikugharimu fedha, ila kusogeza kengele.

Ya tatu ni kanuni, na hapa pana jambo ambalo hata wazazi wengi wanaoishi huko hawalijui vizuri. Mlo wa mchana wa shule una aina tano: nyama au mbadala wake, nafaka, matunda, mboga na maziwa. Ili serikali irejeshe gharama za mlo huo, sheria ya mwaka 2010, ambayo viwango vyake vya mlo vilianza kutumika mwaka wa masomo wa 2012/2013, inataka mtoto awe amechukua angalau nusu kikombe cha matunda au mboga. Lengo lilikuwa afya, na lilikuwa lengo jema. Lakini kumwekea mtoto tufaha kwenye trei si sawa na kumfanya alile. Shule za sekondari za juu hulazimika kumruhusu mwanafunzi kukataa aina mbili kati ya tano. Katika shule za chini uamuzi huo uko mikononi mwa viongozi wa shule za wilaya. Penye utaratibu huo, hata maziwa si lazima, ingawa katika mabwalo mengi mtoto hupewa kana kwamba ni lazima, naye huyabeba hadi kwenye pipa yakiwa hayajafunguliwa.

Meza ya kugawana

Jibu la kwanza lililobuniwa ni jepesi kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kwa nini lilichelewa. Wanaweka meza pembeni mwa bwalo. Mtoto asiyetaka pakiti yake ya maziwa, ndizi yake, au mfuko wake wa karoti, huuweka pale. Mwenye njaa bado huja akachukua. Haulizi wala haulizwi, na hakuna anayeandika jina lake.

Mwezi Juni 2016, Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo inayosimamia chakula cha shule, ilitoa mwongozo rasmi wa meza hizo. Vitu vinavyofaa ni vile ambavyo havijafunguliwa na vilivyofungwa kiwandani au jikoni, pamoja na matunda mazima yenye ganda la kumenywa kama ndizi na machungwa. Maziwa, jibini na vinginevyo vinavyohitaji ubaridi sharti viwekwe kwenye barafu au jokofu, na awepo mtu mzima wa kusimamia. Kilichobaki mwisho wa mlo, shule inaweza kukitumia tena katika mlo mwingine au kukitoa kwa shirika la hisani. Idara za afya za majimbo na wilaya zina haki ya kuweka masharti makali zaidi, na baadhi zimefanya hivyo.

Kwangu mimi uzuri wa meza hii uko katika kumstahi mhitaji kuliko hata katika kuokoa chakula. Sisi tunaoshughulika na sadaka misikitini tunajua jinsi mtu anavyoweza kulala njaa kwa kuogopa kusimama kwenye foleni ambayo kila aipitiaye anajua ni foleni ya nani. Katika meza ile anayeweka na anayechukua hawatofautiani. Leo mtoto wa daktari amechukua ndizi ya pili kwa sababu alicheza sana. Kesho mtoto wa mfagizi ameacha maziwa kwa sababu hayapendi. Shule inapoharibu jambo hili, mara nyingi huliharibu kwa kulitangaza: ikiandika juu ya meza kwamba ni ya wenye shida, itabaki imejaa chakula, na watoto wenye shida watakuwa wa kwanza kuipita mbali.

Familia za Kiislamu zilizoko huko, zikiwemo familia nyingi za wakimbizi wanaozungumza Kiswahili kutoka Kongo, zina sababu ya ziada ya kuijua meza hii. Mtoto asiyekula nyama isiyo halali mara nyingi huondoka bwaloni akiwa amekula mkate na tunda tu. Mezani anaweza kupata tunda la pili, mtindi, au jibini. Hapo mzazi amfundishe mwanawe kusoma lebo, maana mtindi na peremende nyingine hutiwa jelatini, na asili ya jelatini mara nyingi ni nguruwe. Vile vile kipande cha nyama asichokila kisitoke kwenye trei yake kikaenda mezani: kilikwisha kufunguliwa, na meza ile haikipokei. Afadhali asikichukue tangu mwanzo, ikiwa shule yake inaruhusu kukataa.

Hofu ya kushtakiwa

Kwa miaka mingi wapishi wakuu na walimu wakuu walikuwa na jibu moja: tukitoa chakula mtu akaugua, tutashtakiwa. Hofu hiyo sheria imekwisha kuishughulikia. Tarehe 1 Oktoba 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria yenye jina la Bill Emerson, mbunge wa Missouri aliyefariki mwezi Juni mwaka huo huo, inayomkinga na madai mtu au taasisi inayotoa chakula kwa nia njema kupitia shirika la hisani, maadamu hakuna uzembe uliokithiri wala makusudi ya kudhuru. Mwaka 2011 Bunge liliweka wazi kwamba shule zilizo katika mpango wa kitaifa zinaruhusiwa kutoa chakula kisichotumika. Kisha mwezi Januari 2023 sheria nyingine ikapanua kinga hiyo, ikazihusisha shule zinazompa mhitaji chakula moja kwa moja bila kupitia shirika.

California imekwenda mbali zaidi, kutoka ruhusa hadi wajibu. Kwa sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2016, taasisi za elimu zenye majiko yake zimekuwa zikitakiwa tangu Januari 2024 kutoa chakula cha ziada kinachofaa kuliwa badala ya kukipeleka jalalani. Ufaransa nayo, iliyoanza na maduka makubwa mwaka 2016, baadaye iliyaingiza majiko ya pamoja yanayopika zaidi ya milo 3,000 kwa siku, ambayo sasa hutakiwa kuwa na makubaliano na mashirika ya hisani.

Kinga ya sheria, hata hivyo, haimkingi mlaji na ugonjwa, na hapa ndipo kazi halisi ilipo. Kanuni za usalama wa chakula za Marekani zinataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi joto 57, na cha baridi kisipande juu ya nyuzi 5. Kati ya hapo vijidudu huzaana. Chakula kilichopikwa na kinachotaka kuhifadhiwa kishushwe joto hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine. Hii ndiyo sababu wahudumu hukimimina katika trei za kina kifupi badala ya kukiacha kwenye sufuria kubwa ambalo katikati yake hubaki na uvuguvugu usiku kucha.

Na hii pia ndiyo sababu mipango yote hiyo inasimama juu ya tofauti moja ambayo Kiswahili chetu kiliitambua zamani. Chakula kilichobaki sufuriani bila kuguswa, kikahifadhiwa, ni kiporo. Kilichobaki kwenye sahani ya mtu ni makombo. Watoto wa Elkhart walipewa kiporo. Makombo, hata yawe mengi kiasi gani na yaonekane mazuri namna gani, huenda kwa mifugo au kwenye mbolea. Mtu anayechanganya viwili hivi kwa jina la huruma anamtendea mhitaji ubaya mara mbili, kwa tumbo lake na kwa hadhi yake. Mafundisho yetu ya kutoa kilicho kizuri yanajulikana na kila aliyepita madrasa, sina haja ya kuyarudia hapa.

Kazi ya wazazi

Shule yenye jiko na watumishi watatu haiwezi kufunga, kupoza, kusafirisha na kuandika kumbukumbu peke yake. Penye mafanikio, mara nyingi kuna mzazi mwenye gari na boksi la barafu anayepita siku maalumu, mwingine anayesimama kando ya meza ya kugawana wakati wa mlo, na wanafunzi wakubwa wanaowaongoza wadogo kutenganisha mabaki. Kuna pia kazi isiyoonekana ya kutafuta mpokeaji. Shirika linalopokea chakula lazima liwe na jokofu, na liwe na watu wa kula siku hiyo au kesho yake. Kutoa lita 40 za maziwa Ijumaa jioni kwa kituo kilichofunga mpaka Jumatatu ni kuhamisha taka kutoka pipa moja hadi jingine.

Nina shaka moja kuhusu shangwe inayozunguka mipango hii. Shule inayotoa chakula kingi kila wiki, mwaka mzima, inastahili kuulizwa kwa nini inapika kingi hivyo. Shirika la Mazingira la serikali ya Marekani, katika ngazi yake ya kushughulikia mabaki, limeweka kuzuia upotevu juu kabisa, kutoa kwa watu kukifuata, kisha mifugo na mbolea chini yake. Utoaji ni mzuri, lakini unaweza kuwa pazia la mpishi asiyehesabu. Kiongozi wa shule akipokea cheti cha ukarimu kila mwaka kwa sababu hajui idadi ya watoto wake, hicho cheti kina kasoro.

Tusidhani pia kwamba hili ni tatizo la matajiri peke yao. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu moja ya tano ya chakula kilichowafikia walaji, na asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani. Ripoti hiyo ilisisitiza kwamba upotevu wa majumbani katika nchi tajiri na nchi za kipato cha kati haukupishana sana.

Katika shule zetu nyingi za kutwa, ambako wazazi huchangia mahindi na maharage debe kwa debe, kinachobaki ni ukoko, na hakuna mpango unaohitajika. Lakini katika shule za bweni, katika madrasa zinazofuturisha, na katika walima zetu ambako pilau hupikwa kwa kukisia, hali ni tofauti. Hatuna friza kila mahali, wala shirika la kupita na gari la baridi. Wali hasa ni chakula cha kuhofia: una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kupikwa, nacho huzaana wali ukikaa na uvuguvugu, na sumu yake haiondolewi kwa kupashwa moto tena. Pilau iliyolala sufuriani hadi asubuhi isipelekwe kwa yatima kwa jina la sadaka. Kwa mazingira yetu njia salama ni kugawa saa ile ile, kikiwa bado cha moto, kwa watu waliokwisha kutajwa kabla sherehe haijaanza. Na kupakua kidogo kidogo kwenye sinia, anayetaka kuongezewa aongezewe, ili kinachobaki kibaki upande wa sufuria na si upande wa mikono ya watu.

Kwa shule za bweni na za kutwa zenye jiko, hatua ya awali haihitaji jokofu wala sheria. Mpishi wengi hupika kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa, si ya waliofika siku hiyo, na katika shule ya watoto 600 pengo la watoto 40 siku ya mvua ni kilo kadhaa za mchele mkavu. Kuhesabu mahudhurio darasa kwa darasa na kumfikishia mpishi karatasi kabla sufuria halijateremshwa maji ni kazi ya dakika kumi, na mwanafunzi yeyote wa darasa la sita anaiweza.